Umeacha skuli, kengele umeondoka nayo

SWALI: Asalam alaikum Mama. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Mwisho wa mwaka jana niliacha ualimu nikaamua niandike tu. Naandika habari za Pemba, watu wake na mambo ya kale, na wasomaji 140 wananichangia shilingi 3,000 kila mwezi kwa simu. Sina mfadhili mwengine wala sitangazi biashara ya mtu. Tabu yangu ni kuwa najiona sina tija. Mwezi uliopita nilitumia siku 19 kwa makala moja ya mchezo wa ng'ombe, ule wa watu kumkabili fahali uwanjani. Nilikwenda Micheweni mara nne kumfuata mzee mmoja, mara mbili nikamkuta hawezi, anaumwa, na mwisho wa yote nikapata maneno 1,400. Yupo mwandishi ninayemfuatilia, yeye hutoa kitu kila siku ya Mungu. Usiku nalala nikihesabu: 420,000 kwa maneno 1,400. Naona kama nawaibia watu. Mama, wewe uliyeishi kwa kazi hii miaka mingi, siku yako unaipimaje? Na mimi nifanyeje?

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu.

Hesabu yako nimeimalizia kabla ya kuanza kukujibu. Shilingi 420,000 kwa maneno 1,400 ni shilingi 300 kila neno, pamoja na "na", "ya" na "kwa". Ukiitazama hivyo, hata mimi usingizi ungenipaa. Lakini hebu jiulize hesabu hiyo umeifunza wapi. Wewe ni mtu wa Pemba, umekulia ndani ya karafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na ni haki yake, kwa sababu pishi ya asubuhi na pishi ya jioni ni kitu kimoja: zote zitachambuliwa makonyo, zitaanikwa juani, zitapanda mizani. Aliyechuma pishi kumi kafanya kazi mara mbili ya aliyechuma tano, hapana ubishi. Ubishi unaanza pale unapochukua pishi ukapimia makala.

Kwa sababu mchangiaji wako aliyetoa 3,000 hakupelekewa fungu lake la maneno kumi. Kila mmoja katika wale 140 aliipata makala nzima, kutoka jina mpaka nukta ya mwisho, na kila mmoja aliilipia pesa ya bakuli ya urojo. Kazi yetu ndiyo ilivyo: nazi moja, na kila mgeni anakula nazi nzima. Huwezi kuigawa, na ukijaribu utapata majibu ya ajabu kama hayo yako ya shilingi 300.

Basi wanalipia nini?

Mimi mzaliwa wa Jambiani. Utotoni, kila Alhamisi tulikuwa tunakwenda chuoni kusoma Kurani na pesa kidogo ya mwalimu, tumeifunga kwenye pindo la mtandio isidondoke njiani. Sikumsikia hata siku moja mzazi akiuliza mwalimu kasomesha aya ngapi wiki ile, akachukua pesa akaigawa kwa aya. Walikuwa wakiuliza mambo mawili. Yupo? Na watoto wanahitimu? Mwalimu ambaye wiki hii yupo, wiki ijayo kasafiri, wiki ya tatu hajulikani alipo, hata awe na sauti ya namna gani, watoto waliondolewa wakapelekwa kwengine. Na yule aliyekuwepo kila siku lakini miaka inapita hapana mtoto aliyefika hitima, naye watu walianza kumsema barazani. Kati ya hayo mawili aliachiwa afanye kazi yake anavyojua. Siku ya kusikiliza mtoto mmoja asubuhi nzima, alimsikiliza mmoja. Siku ya kusimama wote wakaimba pamoja, waliimba.

Mchango wako wa mwezi ni pesa ya Alhamisi. Sijapata mfano ulio karibu zaidi, na nimeutafuta kwa muda mrefu, maana na mimi nilipoacha gazeti niliumwa ugonjwa huo huo. Kwa hiyo jibu la swali lako la wizi ni fupi. Siku 19 ulikuwepo, na makala uliifikisha. Huwaibii.

Ila usishangilie mapema. Kuna pahala katika barua yako nimekushuku, na nitafika.

Kwanza nikwambie ninavyouona ugonjwa wenyewe. Ulikuwa mwalimu. Skuli ina kengele: kipindi dakika 40, kengele, darasa jengine, kengele, mapumziko. Ulikuwa ukitoka mchana unajua umefanya kazi, hata kama siku ile hapana mtoto hata mmoja aliyefahamu ulichosomesha, kwa sababu vipindi sita vilikuwa sita na umeviingia vyote. Sasa umeacha skuli, kengele umeondoka nayo. Inakulilia kichwani na hapana darasa la kuingia, ndiyo unaitafutia kitu cha kuhesabu, na kitu kilicho karibu ni maneno.

Na hapa sikulaumu sana, maana hatuna wa kuwaiga. Waandishi wetu tuliowasoma karibu wote waliandika pembeni ya mshahara. Muhammed Said Abdulla, huyo baba yake Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya, alikuwa mhariri msaidizi wa jarida la Mkulima kuanzia 1958 mpaka alipostaafu 1968. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikuwa akisomesha Chuo Kikuu cha Kent huko Uingereza mpaka akastaafu 2017. Hata wale wa ulaya wanaotajwa kila mara mtu akizungumzia bidii ya kuandika, ukiwachungua utakuta mshahara umejificha nyuma ya pazia. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi pesa ya ziada ili amwamshe. Watu huitoa hadithi hiyo kama dawa, na wanasahau kusema kwamba saa mbili u nusu asubuhi ikifika Trollope alikuwa anafunga daftari, kisha anakwenda kazini Posta. Siku yake ilipimwa na Posta. Angeandika upuuzi asubuhi ile, chakula cha mchana kilikuwepo.

Wewe chakula chako ni hao 140. Kwa hiyo vipimo vya watu wenye mshahara usivivae, havikukatwa kwa mwili wako.

Sasa huyo mwandishi wa kila siku. Simjui, na huenda ni hodari kweli. Lakini unajua taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, kwa hiyo sisi tumeanza zamani kuwalipa wasanii wetu kutoka mifukoni mwetu, kabla ya hayo majukwaa ya mtandaoni ya kuwachangia wasanii na waandishi, Patreon waliokuja 2013 na Substack waliokuja 2017. Tunaita kutunza. Mwimbaji akipita kwenye ubeti unaokugusa, au unaomgusa jirani yako ambaye unataka ajue kuwa umemjua, unainuka unakwenda kumtunza, na ukumbi mzima unakuona. Raha yake haina mfano. Lakini kaa pembeni uangalie kinachotokea kwa mwimbaji. Anaona ubeti upi umeleta pesa. Kesho anaurudia mara tatu. Keshokutwa anatunga nyimbo nzima ya ubeti ule. Mipasho ilikotoka ndiko huko, na mimi mipasho naipenda, sitaki kukudanganya, lakini siwezi kuisikiliza kuanzia magharibi mpaka alfajiri.

Anayeandika kila siku kwa watu wanaomtunza kila siku, kipimo chake ni ubeti uliotunzwa jana. Kuna mchumi wa Kiingereza, Charles Goodhart, aliyelieleza jambo la namna hii mwaka 1975 akizungumzia mambo ya benki: kipimo ukikitegemea kuongozea watu, kinaharibika, kinaacha kupima. Wewe mchango wako unaingia tarehe ile ile, uandike mchezo wa ng'ombe au uandike ugomvi wa Wete. Umepewa kitu ambacho mwimbaji wa ukumbini hana, yaani uhuru wa kuimba ubeti ambao hapana atakayeinuka usiku huo. Na unautumia uhuru wenyewe kumwonea choyo anayeimba kwa kutunzwa! Zaidi ya hayo, zama hizi kuna mashine zinazotoa maneno elfu moja kabla hujamaliza kupiga chafya. Ukishindana kwa wingi umeshashindwa tangu jana. Mashine lakini haikwenda Micheweni mara nne.

Umeniuliza siku yangu naipimaje. Siipimi. Napima bamvua.

Kilimo cha mwani kilianza mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na mama yangu hakuchelewa kuingia. Nilikua nikimwona. Unapiga mambo, yaani vigingi, mchangani, unafunga kamba, unafunga miche ya mwani kwenye kamba moja baada ya moja, halafu unasubiri kama wiki sita mpaka uvune. Lakini shamba lile huliingii unapotaka wewe. Linaingilika wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapotoka mbali kabisa. Siku hizo mama hatukumpata: anatoka na jua, anarudi na chumvi mpaka kwenye kope. Yakija maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, shamba liko chini ya maji, na hata uwe na bidii ya namna gani huwezi kulifanyia kitu. Siku hizo alianika, alitengeneza kamba, aliuza, alikwenda kuangalia wagonjwa, alilala mchana. Hapana mtu Jambiani aliyemwita mvivu kwa sababu Jumanne hakwenda pwani. Ungemuuliza, "Leo umefanya kazi kiasi gani?" angekutazama akadhani una homa. Angeweza kukwambia bamvua hili limekuwaje na lililopita lilikuwaje, na hapo angekupa habari mpaka ya kigingi kilichong'oka.

Basi na mimi, kila siku kumi na nne au kumi na tano, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, nakaa na daftari nusu saa. Naandika nilichomaliza. Naandika kilichosogea bila ya kumalizika, na kimesogea kutoka wapi kwenda wapi. Naandika nilichotupa, na kwa nini. Na naandika kama kuna mtu aliyekitumia kitu nilichoandika, yaani mtu aliyenipigia kuniambia nimekosea, mwalimu aliyewasomea watoto, mjukuu aliyekwenda kumuuliza bibi yake. Kupenda na kubonyeza kidole gumba sikuandiki. Ni hayo tu. Siku moja mbaya ndani ya siku kumi na nne haionekani, na bamvua mbili mfululizo zisizo na kitu zinaonekana hata kwa kipofu.

Nilipoanza kufanya hivyo nilipata aibu moja na faraja moja. Faraja: makala zilizoleta simu nyingi zilitoka kwenye bamvua ambazo, kwa hesabu ya kengele, sikuwa nimefanya kazi. Kuna wiki mbili nilikwenda kwenye jumba la Nyaraka, Kilimani, kila asubuhi, kusoma mafaili ya zamani ya bandari. Nilitoka na aya tatu. Lakini aya hizo tatu zilinipa makala nne kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kila moja ikizaliwa na swali la msomaji juu ya iliyotangulia. Daftari la siku lingeniandikia sifuri siku kumi mfululizo.

Aibu ndiyo hii, na hapa ndipo ninapokushuku wewe. Nilikuta siku nyingi nilizoziita za utafiti zilikuwa matembezi. Kuna uvivu unaovaa kanzu ya utafiti, unapiga na kofia. Nilikuwa naweza kukaa barazani Mji Mkongwe kutoka alasiri mpaka isha nikajiambia nakusanya habari. Baraza ni kazi kwa mwandishi anayesikiliza, lakini mimi nilikuwa msemaji. Siku hizi nina mtihani mdogo: nikirudi nyumbani kutoka popote nilipokwenda kwa ajili ya makala, kabla sijavua viatu, je, naweza kuandika mistari mitatu ya kitu ambacho asubuhi sikukijua? Nikiweza, nilikwenda kazini. Nikishindwa, nilikwenda kutembea, na kutembea si haramu, ila nisikuandike kwenye daftari la kazi.

Sasa wewe ulikwenda Micheweni mara nne, na mara mbili mzee hawezi. Siku zile mbili ulifanya nini? Hukusema. Ulirudi Wete umenuna, au ulikaa na mkewe, na majirani, na vijana wanaofuga hao ng'ombe? Kama uligeuza gari moja kwa moja, basi siku mbili ulizipoteza kweli, na hasara hiyo haitokani na mzee kuumwa. Katika siku 19 mimi natoa kwa urahisi siku kumi kuwa za haki. Tisa zilizobaki nakuachia wewe na nafsi yako.

Kuhusu masaa nitapita haraka, maana watu wanapenda kuyazungumza kuliko yanavyostahiki. Kuandika kwenyewe, kule kuzito kwa kutoa sentensi kutoka hewani, hakuvumiliki kutwa nzima. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichunguza wanafunzi wa fidla Berlin, wakaona walio bora hufikia kiasi cha saa nne kwa siku za mazoezi mazito, kwa vipande, na walikuwa wakilala mchana zaidi ya wenzao. Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu bibi yangu hakusoma saikolojia lakini kulala baada ya adhuhuri hakukosa. Robert Boice, Mmarekani aliyefanya kazi na wahadhiri walioshindwa kuandika, naye aliona kwamba anayeandika kidogo kidogo kwa nyakati maalumu humshinda anayengoja hamu impande. Mimi naandika baada ya sala ya alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, simu iko chumba chengine. Ramadhani naandika baada ya daku na sitarajii mengi. Baada ya saa tatu ni mambo ya kusoma, kupiga simu, kutembelea watu, kusahihisha. Chagua nyakati zako, lakini ziwe zile zile, na jumla yake isizidi masaa manne.

Linalokula siku zako kuliko uandishi, nahisi, ni kitu ambacho umekitaja kwa neno moja tu: "kwa simu". Watu 140, shilingi 3,000, kila mwezi. Maana yake kila mwezi unakumbusha watu 140, unaangalia nani katuma, unamshukuru, nani kasahau, nani namba yake imebadilika, nani katuma 2,000 akasema ijayo atakamilisha. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili, na daftari lilipokuja kunionesha, nilikuwa natumia karibu siku nne za kila mwezi kuwa karani wa nafsi yangu. Waombe wachangie kwa miezi mitatu pamoja. Shilingi 9,000 mara nne kwa mwaka ni pesa ile ile, makato ya kutuma yanapungua, na wewe unakumbusha mara nne badala ya mara kumi na mbili. Atakayekwambia hawezi tisa kwa mpigo, mwache aendelee na tatu tatu, wala usimfanye aone haya. Majukwaa ya nje nimeyajaribu. Substack hukata asilimia 10 na mlipaji anahitaji kadi. Wachangiaji wangu walioko Muscat na London waliliweza, wa Bububu hawakuliweza, na sikutaka kuwa mwandishi wa Unguja anayelipwa na watu wa London peke yao. Ukilipwa na walioko mbali tu, baada ya muda utaanza kuandika Pemba ya kumbukumbu zao. Hilo linahitaji barua yake.

Kosa langu kubwa nalo nikusimulie, labda likuokoe.

Nilipoanza, kwa hofu hiyo hiyo yako, niliahidi makala nne kila mwezi. Niliiandika ahadi hiyo mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Mwezi mmoja mama aliumwa, nikawa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali, na siku ya mwisho ya mwezi nina makala tatu. Nikakaa usiku mmoja nikaandika ya nne, kuhusu zile nyakati za kiza Unguja. Niliandika kwa kumbukumbu. Nilichanganya mambo mawili: umeme uliokatika Mei 2008, ambao ulirudi baada ya kiasi cha mwezi mmoja, na ule uliokatika Desemba 2009, ambao haukurudi mpaka Machi 2010. Nikaufanya mkatiko mmoja. Na nikaongeza, kwa madaha, kwamba "visiwa vyote viwili vilizama gizani". Asubuhi nikapigiwa simu na mzee wa Chake Chake, mchangiaji wangu wa mwanzo mwanzo. Aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, sisi Pemba tulikuwa na majenereta. Waya wa kutoka Tanga ulikuwa hata haujafika, umefika 2010. Umeme wetu ulikuwa wa kuungaunga, lakini huo mliokatikiwa nyinyi si wetu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani ulikuwa na haraka gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na haraka ya namba nne. Nikakubali kosa hadharani, nikaifuta ile ahadi, na nikaandika kwa wachangiaji kwamba kuanzia sasa watapata barua fupi kila bamvua kueleza ninafanya nini, na makala itakuja ikiwa tayari. Niliogopa nusu yao wataondoka. Waliondoka watatu, na mmoja wao alirudi. Nilichopata zaidi ni ujumbe wa watu wakinishukuru kwa kupunguza. Mama mmoja wa Mwera aliniandikia kwamba makala mbili za mwezi uliopita hajazisoma bado na alikuwa anaona haya kuniambia. Fikiria: mimi sikulala nikizitafuta, naye hakulala kwa kutozisoma!

Barua hiyo fupi ifanye na wewe. Aya mbili zinatosha. "Nimekwenda Micheweni, mzee hawezi, nimekaa na vijana wake, nimejua hili na hili, nitarudi Jumatano." Utaona watu wanaanza kukuombea gari. Wengine watakwambia wana babu aliyewahi kucheza ng'ombe huko Kengeja au Pujini, na safari yako ya pili itakuwa rahisi. Mwandishi anayejificha mpaka makala ikamilike ndiye anayehisi kuwa mwizi, kwa sababu anaonekana siku moja tu katika siku 19, na siku hiyo ameshika bakuli.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukuondolea. Hata ukipima kwa bamvua, hata ukipunguza ukarani, kuna misimu isiyotoka kitu. Mkarafuu unaujua kuliko mimi. Unazaa sana mwaka mmoja, halafu unakaa miaka ukitoa kidogo, na mwenye shamba haukati. Mama yangu alikuwa na shamba la ile aina ya mwani waliyoiita kotonii, inayolipa vizuri zaidi. Maji ya bahari yalipozidi kupata joto ikawa inaoza kabla ya kukua, bamvua baada ya bamvua, mpaka akabaki na spinosamu ambayo bei yake ndogo. Hakufanya kosa lolote. Alifika pwani kila bamvua, akafunga kamba vizuri kuliko wenzake, na mwani ukafa. Ndiyo maana nakwambia weka akiba ya miezi mitatu kabla ya kununua hiyo kompyuta mpya ambayo najua unaifikiria, na kama kuna upatu wa kuaminika hapo Wete, ingia. Wala usione haya kushika vipindi viwili vitatu vya tuisheni mwaka ukiwa mbaya. Bwana Msa alitungwa na mtu aliyekuwa na ofisi.

Makala yako nimeitafuta nikaisoma, baada ya kusoma barua yako. Nimeisoma mara mbili. Sikujua kwamba watu wa huko wanaujua ukoo wa ng'ombe wa mchezo kama watu wanavyojua ukoo wa watu. Ile sehemu ya mzee kukuonesha kovu lake na kukataa kumlaumu ng'ombe nimemsomea mume wangu. Lakini umeandika kwamba kabla ya ng'ombe kufunguliwa kamba, mzee humnong'oneza maneno sikioni, halafu ukaendelea na habari nyengine, kama mtu aliyepita mlango ulio wazi. Anamwambia nini? Ulimuuliza akakataa, au hukumuuliza?

Nimekutumia 9,000 asubuhi hii, ni za miezi mitatu, na sasa umefika wachangiaji 141. Rudi Micheweni ukamuulize. Kama hawezi, kaa na mkewe.